Falme Tisa za Radi na Nguruwe Anayecheka

Siku Maeng Dal-su alipogundua kwamba binadamu anaweza kulipia kitu ambacho hakipo, kisha akashukuru, alikuwa amekaa kwenye ukumbi wa kompyuta wa Bosi Tak, ghorofa ya pili, nyuma ya soko la vifaa vya umeme la Yongsan. Alikuwa anakula tambi za mkopo na kuwaza machungwa.

Habari ya machungwa tutaifikia. Kwanza kinyozi.

Kiti cha kushoto alikaa Pi Guk-jin, kinyozi wa jengo la jirani, mtu mwenye mke, kitambi na wateja wanaomsubiri. Saa nne asubuhi, badala ya kushika mkasi, alikuwa amepanda farasi ndani ya kioo cha kompyuta. Farasi akakanyaga daraja. Daraja lile halikuwa na sakafu. Farasi na bwana wake wakazama, wakapita mawe, wakapita mizizi, wakatokea chini ya dunia na kubaki wanaelea kwenye weupe mtupu kama nzi kwenye bakuli la maziwa.

Dal-su akasubiri matusi. Kinyozi akapiga makofi.

"Umeona hiyo, kaka? Hawajaweka sakafu!"

"Nimeona. Sasa si ukadai hela zako?"

"Nidai nini? Gemu bado inajengwa. Nimeinunua ikiwa changa. Hapa nawaandikia kwamba daraja lina tundu, wao wanaziba, mwezi ujao napita. Tunajenga pamoja."

"Kwa hiyo wanakulipa."

"Hapana, nawalipa mimi."

Dal-su akaviweka vijiti vyake juu ya bakuli, taratibu, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada. Katika utumishi wake wa miaka thelathini alikuwa ameuza maji ya chemchemi ya mlimani yaliyotoka bombani, mizizi ya dawa iliyochongwa kwenye figili, na viwanja vitatu vya makaburi ambavyo, ukifuata ramani vizuri, vilikuwa juu ya paa la duka la viatu. Wateja wote hao walikuwa na kasoro moja: baada ya muda walirudi, na walirudi na fimbo. Leo anakutana na mteja anayerudi na orodha ya marekebisho.

"Usimsikilize huyo!" Bosi Tak alipaza sauti kutoka kaunta. Tak Jong-pal alikuwa mtu wa kuzima taa ya choo huku mteja yumo ndani. "Mimi mtu akiniletea gemu namuuliza maswali matatu. Imekwisha? Imesharekebishwa? Imeshuka bei? Likikosekana moja, mlango ule pale."

"Ndiyo maana unanunua kwa kuchelewa," kinyozi akasema. "Ikikwisha bei inapanda mara mbili."

"Na isipokwisha?"

"Itakwisha tu."

"Ile ya manowari uliyonunua miaka sita iliyopita imekwisha?"

Kinyozi akajikuna shingo. "Wamefika kwenye milango."

"Jamani! Manowari! Miaka sita baharini, haina milango!"

Ukumbi mzima ukacheka, hata wale waliovaa vipokea sauti masikioni na ambao hawakusikia kitu. Dal-su hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu ya maisha yake.

Maana alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na Busan, Daegu na Daejeon alikuwa hawezi kuzipita hata kwa treni bila kuvuta kofia mpaka puani. Alitaka kupumzika. Huko kisiwa cha Jeju alikuwa amejinunulia shamba la machungwa chini ya paa la plastiki, miti mia mbili, na kibanda chenye baraza. Tuseme alikuwa analinunua. Shamba lenyewe lilikuwa bado halijasimama. Mwuzaji, Bwana Ham, mtu mwenye sauti laini kama ya mtangazaji wa redio, alimtumia picha kila mwezi. Mwezi wa kwanza shimo. Mwezi wa pili bomba. Mwezi wa tatu bomba ndani ya shimo. Dal-su alizitazama picha hizo kabla ya kulala. "Huyu mtu ni makini," alijiambia. "Ananipa maendeleo." Yalibaki malipo ya mwisho tu, nayo yalitakiwa kabla Aprili haijaisha, la sivyo shamba liende kwa mwingine. Kwenda kuliangalia hakuona haja. Picha si zinakuja?

Mjanja wa Seoul akipata wazo hakimbilii mteja. Anatafuta kwanza bosi wa suruali. Huyo ni mtu ambaye jina lake linaandikwa kwenye kila karatasi, wakati mwenye mambo yake hana jina popote. Mambo yakiharibika wanaotafuta mhusika wanaikuta suruali imekaa kwenye kiti cha bosi, na aliyekuwa ndani yake keshatoka.

Suruali ya Dal-su alikuwa mwanamke. Cha Myeong-ok, miaka sitini na mmoja, alikuwa na kibanda chini kabisa ya soko, alikotengeneza mashine za zamani za gemu. Miwani yake ilifungwa kwa uzi. Kwa siku alitamka labda maneno kumi, na nusu yake aliyaambia chuma cha kuchomelea nyaya.

"Dada Cha," Dal-su alianza huku akivuta kigoda, "umewahi kufikiria kuwa bosi?"

"Hapana."

"Ni kazi ya kukaa tu."

"Nimeshakaa."

"Na kusaini kidogo. Tunatengeneza gemu. *Falme Tisa za Radi*. Kuna majoka, kuna falme, kuna radi. Unaweza kuhesabu mwenyewe, tisa."

"Nani anaiandika?"

"Timu."

"Iko wapi?"

"Imesambaa."

Myeong-ok akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya aproni. "Nikiwa bosi, kila kitu kinakuwa kwa jina langu? Kampuni, akaunti ya benki, ukurasa wa mauzo?"

"Kila kitu, dada! Mimi si mtu wa makuu."

"Kila kitu," akarudia polepole, kama anayesoma bei mara mbili. "Haya."

Nyuma yake palikuwa na kabati la kioo, na ndani ya kabati kopo la biskuti lililojaa disketi, kila moja na utepe wenye tarehe, za zamani zaidi zikiwa za wakati ambao Dal-su bado alikuwa na nywele za kuchana. Mtu mwenye udadisi angeuliza. Dal-su alilitazama lile kabati kwa makini sana. Alikuwa anaweka tai sawa.

Wiki ile ile akachongesha mhuri wenye jina la Cha Myeong-ok, akampeleka benki kufungua akaunti, kisha kitabu cha benki, mhuri na namba ya siri vikaingia kwenye mfuko wa koti lake. "Nikutunzie, dada, usije ukavipoteza kwenye haya manyaya."

"Asante," akasema Myeong-ok. Hilo lilikuwa neno la tisa siku hiyo.

Biashara ilianza na picha tatu na filamu ya sekunde arobaini. Alizichora fundi mmoja wa mabango ya mikahawa, ndiyo maana joka kuu lilifanana kidogo na kamba wa kukaanga. Juu ya ukurasa Dal-su akaandika kwa herufi kubwa INAJENGWA, na chini yake akaeleza kwamba anayenunua sasa hanunui gemu. Anakuwa mwasisi, na atapewa hati yenye namba yake.

Alidhani kazi itakuwa kuficha kwamba hakuna kitu. Kumbe kadiri kitu kilivyopungua, ndivyo waasisi walivyokiongeza wenyewe. Mmoja aliuliza mbona joka halina mkia. Dal-su akajibu kwamba mkia utatokana na maoni ya waasisi. Kesho yake akapokea kurasa kumi na saba za michoro ya mikia, imepimwa kwa rula. Mwingine akalalamika kwamba falme tisa ni chache. Watatu wakagombana kwa siku nne kuhusu uzito wa upanga ambao hakuna aliyekuwa ameuona, mpaka Dal-su akalazimika kuwapatanisha, na wote watatu wakanunua hati ya pili kuonyesha kwamba hawana kinyongo. Kinyozi alinunua tano.

Bosi Tak tu ndiye aliyebaki.

"Imekwisha?" Tak akauliza.

"Bado, lakini…"

"Mlango ule pale."

Tak alikuwa na kompyuta arobaini, na hela alizozilimbikiza kwa muda mrefu ili abadilishe viti, maana vya ukumbini vilikuwa vimechanika mpaka sponji inawaning'inia wateja kama mikia. Hela hizo zilimwasha Dal-su kila alipokalia sponji. Alijaribu kumpunguzia bei. Alijaribu kumtisha kwamba ukumbi wa ng'ambo ya barabara umeshaweka nafasi. Tak alizima feni, akawasha, akazima, akasema mlango ule pale.

Ila kila mtu ana mahali pake pa kuingilia. Tak hakuwahi kuleta kitu kipya ukumbini bila tambiko. Siku ya kufungua ukumbi aliinamia kichwa cha nguruwe. Aliponunua kiyoyozi, kichwa cha nguruwe. Alipobadilisha kile kisanduku cha intaneti aliona si jambo kubwa, akakiinamia na samaki mkavu tu. Alikuwa hamwamini mtu yeyote mwenye miguu, lakini kichwa kilichokaa kwenye sinia alikiamini kabisa. "Binadamu atanidanganya mimi," alizoea kusema. "Mbele ya nguruwe nani atathubutu?"

Mimi, alijibu Dal-su moyoni, na kwa mdomo akasema: "Bosi Tak, Jumatano tunafanya tambiko la kufungua gemu. Nilitaka kuazima ukumbi wako, lakini kama huna nafasi…"

Tak akainua kichwa. "Nguruwe?"

"Kichwa."

"Anacheka?"

"Anacheka mpaka macho yamefumba."

Tak akameza mate. Wanaojua wanajua: wachinjaji huuza vichwa vya kununa kwa bei ya kawaida, na kile chenye tabasamu kinawekwa pembeni kwa wateja wenye nia.

"Anayecheka ni ghali," Tak alinong'ona.

"Ndiyo maana nimekuja kwako, si kwa ng'ambo."

"Tapeli angenunua aliyenuna," Tak akajiambia, na jambo likawa limekwisha. Jioni hiyo akanunua nafasi ya mwasisi kwa kila kompyuta, arobaini, akaomba na kishikio cha funguo cha bure.

Jumatano, siku ya mwisho ya Aprili, ikafika. Kichwa kiliwekwa mezani katikati ya kompyuta mbili, mashavu mekundu, meno nje, furaha tupu. Pembeni yake palikuwa na keki za mchele zenye maharage mekundu, mapeasi, samaki mkavu aliyezungushiwa uzi mweupe, na pombe nyeupe ya mchele kwenye birika. Waasisi walijaa hadi ngazini. Dal-su alikuwa amevaa suti ya kijivu, na ratiba yake ilikuwa safi: tambiko saa tano, kukusanya hela za mdomoni mwa nguruwe saa sita, benki kabla haijafunga saa kumi, na saa kumi na moja ndege ya Jeju. Mfuko wa kulia ulibeba kitabu cha benki na mhuri. Wa kushoto ulibeba bahasha ya malipo ya mwisho ya shamba, noti taslimu, kwa sababu Bwana Ham wa sauti laini alisema benki zina maneno mengi.

Dal-su akapiga magoti na kuwasomea mizimu ya ardhi hotuba aliyoiandika mwenyewe. Aliwaomba wailinde gemu dhidi ya kukatika kwa umeme, wivu wa washindani, na watu wanaotaka kujua tarehe. Mzee mmoja mlangoni alifuta machozi.

Kisha wakaanza kumlisha nguruwe. Kinyozi akasujudu, akakunja noti na kuichomeka kwenye tundu la kushoto la pua. Wengine wakafuata, masikioni, mdomoni, kati ya meno. Tak akachomeka noti moja ndogo, akairudisha nyuma kidogo, ionekane ndefu.

Dal-su aliona hatari. Kama Tak, mwenye ukumbi, anatoa noti moja, nani atatoa mbili? Akasogea, akachomeka noti mbili, na kusema kwa sauti, "Kwa niaba ya kampuni!"

Wateja arobaini wakamgeukia Tak. Tak akachomeka tatu.

Dal-su akaweka tano.

"Mwanaume huyo!" kinyozi akashangilia. "Bosi Tak, unaona? Kwenye nyumba yako mwenyewe!"

Tak akawa mwekundu kuliko nguruwe. Akaenda kaunta, akafungua droo ya chini, akarudi na bahasha nene. Ilikuwa hela ya viti, yote iliyobaki. Akaisukuma nusu ndani ya mdomo wa nguruwe, nusu ikabaki nje kama ulimi, akamtazama Dal-su bila kupepesa.

Kila jicho ukumbini likahamia kwa Dal-su, na mfukoni alikuwa amebaki na bahasha moja tu. Akafikiria haraka: ni kwa saa moja tu. Inaingia peke yake, inatoka na mwenzake. Akachomoa malipo ya mwisho ya shamba la machungwa, akabusu bahasha, akaipachika upande wa pili wa mdomo. Nguruwe sasa alicheka mpaka masikioni.

"Bosi asujudu!" Tak akaamuru. "Bila bosi tambiko halikamiliki!"

Watu wakapisha. Cha Myeong-ok alitokea nyuma akiwa na aproni safi. Akasujudu mara tatu, akamimina pombe, akasimama.

"Niwaonyeshe," akasema.

"Uwaonyeshe nini, dada?" Dal-su akauliza, bado anatabasamu.

"Gemu."

"Ha! Bosi wetu ana utani, jamani, bosi…"

Lakini alikuwa ameshatoa flashi kwenye mfuko wa aproni na kuichomeka kwenye kompyuta iliyo karibu na sikio la nguruwe.

Kioo kikawa cheusi. Kisha mvua ikanyesha. Ilikuwa mvua kweli, ikigonga kofia ya majani, na chini ya kofia mchuuzi wa chumvi na punda wake wakipanda mlima. Chumvi ilikuwa inalowa. Ukisimama, magunia yalizidi kupungua. Ukikimbia, punda aligoma. Mbali kati ya misonobari kibanda kilikuwa na taa, na ukikitazama kwa muda mrefu ulianza kushuku kwamba aliyewasha taa hiyo si mtu. Watu walisahau kwamba wamesimama.

"Majoka yako wapi?" mmoja akauliza, kwa sauti ya chini, kama anayeuliza msibani.

"Hayapo," akasema Myeong-ok. "Nimemwandika mchuuzi wa chumvi. Nilianza mwaka aliozaliwa binti yangu. Sasa binti yangu anavaa miwani ya kusomea. Anayetaka joka aje kibandani kesho, nimrudishie hela yake."

Hapo ndipo alipoyamaliza maneno ya mwezi mzima. Mkono mmoja ukainuka, wa yule mwasisi wa mikia.

"Mikia yako niliipata," Myeong-ok akamwambia. "Ule wa ukurasa wa tisa nimempa punda."

Yule bwana akasogea mbele, akaukazia macho mkia wa punda. Mkono ukashuka.

Kinyozi alikuwa ameshakaa kwenye kiti. Akampandisha punda mpaka kwenye daraja la kamba juu ya korongo. Punda akakanyaga, akazama, akapita miamba, akapita mto, yeye na chumvi yake, wakabaki wanaelea kwenye weupe mtupu.

"Halina sakafu!" kinyozi akalia kwa furaha, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. "Jamani, halina sakafu!"

"Bado inajengwa," akasema Myeong-ok.

Dal-su aliteremka ngazi hatua tatu tatu. Wapige makofi, alijiambia, wampe na maua. Akaunti iko mfukoni mwangu. Saa sita na nusu alikuwa mbele ya karani wa benki, binti mwenye kucha za rangi ya mbaazi, akimpa kitabu, mhuri, namba ya siri na tabasamu.

Karani akagonga mhuri kwenye karatasi, akaulinganisha na ule ulio kwenye kioo cha kompyuta yake.

"Mhuri siyo huu, bwana."

"Ndio huo huo. Angalia vizuri, Cha Myeong-ok."

"Jina ni lake. Mhuri siyo. Mwenye akaunti alikuja Jumatatu na kitambulisho chake, akaleta mhuri mwingine. Na namba ya siri akabadilisha."

"Kwa idhini ya nani?"

"Yake. Akaunti ni yake." Karani akainamisha kichwa. "Wewe ni nani wake?"

Dal-su, aliyewahi kuwa daktari, kanali, mtawa, na mjane kwa pamoja siku moja, alitafuta jibu. Kila jibu alilolishika lilimpeleka kituo cha polisi.

"Nilikuwa napita," akasema.

Basi alibaki nguruwe. Akarudi mbio mpaka ukumbini, tai imehamia mgongoni. Meza ilikuwa imezungukwa na watu wanaotafuna. Nguruwe aliyecheka alikuwa hana tena cha kuchekea: Bosi Tak, mikono ya shati imekunjwa, alikuwa ameshachemsha na kukata mashavu vipande vyembamba, na alikuwa anafika puani.

"Bahasha," Dal-su akahema. "Bahasha ziko wapi?"

"Kwa bosi. Hela ya tambiko si ya mwenye kampuni? Mwenye kampuni ni nani?" Tak akampachika kipande mdomoni. "Sikio hilo. Tulikuwekea."

Dal-su akatafuna. Lilikuwa limeiva vizuri.

Chini sokoni Myeong-ok alikuwa ameinamia mashine, moshi mwembamba ukipanda. Bahasha mbili zilikuwa kwenye kopo la biskuti, juu ya disketi.

"Dada Cha. Bahasha moja ni yangu."

"Ulimpa nguruwe."

"Kwa muda!"

"Hukumwambia."

Dal-su akakaa kwenye kigoda kile kile cha siku ya kwanza. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu uliposema timu imesambaa."

"Sasa mbona ulikubali?"

Myeong-ok akaweka chuma chini. "Kila niliyemwonyesha ile gemu aliniuliza, imekwisha? Nikasema bado. Akaondoka. Miaka yote hiyo. Wewe ndiye wa kwanza kuniletea watu wanaoinunua ikiwa bado." Akamsogezea kompyuta ndogo iliyokuwa pembeni. Ujumbe ulikuwa unaingia kama mvua ya kwenye mlima wake. "Wanaandika kutwa. Wanauliza lini. Mimi siwezi kuongea na watu. Wewe unaweza."

"Unaniajiri? Mimi?"

"Mshahara mwisho wa mwezi. Mchana kuna wali."

"Na nikienda polisi, niseme umeniibia?"

"Nenda. Watatafuta jina lako kwenye karatasi za kampuni." Akachukua tena chuma chake. "Mimi nimetafuta. Halipo."

Dal-su akatoka nje ya soko kupiga simu Jeju. Leo ndipo machungwa yanapoondoka. Akaanza kujieleza: kuna ucheleweshaji, kuna nguruwe, yaani kuna mambo ya kiofisi…

"Usijali kabisa, ndugu yangu Maeng," ile sauti laini ikamjibu. "Hata sisi tumesogeza mbele. Tumesikiliza maoni ya wanunuzi, tunaboresha mabomba. Tutakuwa tunachukua kidogo kidogo kila mwezi, na picha nitaendelea kukutumia. Shamba bado linajengwa."

Dal-su akashusha pumzi. Katika nchi iliyojaa watu kama yule mwanamke wa kibandani, alifikiri, kumbe bado kuna waungwana. Akarudi kibandani, akavua koti, akafungua ujumbe wa kwanza. Ulitoka kwa kinyozi: *Daraja lini?* Akaandika bila kufikiri: *Tumesikiliza maoni yenu, tunaboresha daraja.* Kinyozi akajibu papo hapo kwamba ameguswa sana.

Miezi minane imepita. Gemu imepata daraja na imepoteza mlima mmoja, ambao unatafutwa. Ukumbi wa Tak hujaa kila siku, na mteja akilalamika kuhusu sponji Tak anamwambia viti vinajengwa. Kila mwisho wa mwezi Myeong-ok anampa Dal-su mshahara wake, na Dal-su anaukata fungu na kulituma Jeju, na Jeju wanamtumia picha. Anazibandika ukutani juu ya kompyuta: shimo, bomba, bomba ndani ya shimo, bomba ndani ya shimo kwa mbali.

Juzi ilikuja mpya. Dal-su aliisogeza kwenye taa, akaitazama kwa kioo cha kukuzia cha Myeong-ok, kisha akakaa na kuandika barua ndefu yenye adabu, akiwaeleza kwamba bomba lina ufa upande wa kulia, karibu na kiungio cha pili, na kwamba kwa maoni yake machungwa yangependa jua zaidi. Akaambatanisha na mchoro, umepimwa kwa rula.

Hata nusu saa haikupita, wakamjibu asante.